Mana ya jana hailiki

Mimi nilikuwa mtu wa makongamano na mikesha. Nikitoka pale nimejaa mpaka najiona naweza kukaa mwaka mzima bila kufungua Biblia, na kweli siifungui, wiki mbili tatu zinapita nakula kumbukumbu tu za ule usiku, halafu nashangaa mbona nimekauka, nina hasira za ovyo, maombi hayatoki.

Kilichonishtua ni Kutoka 16. Waisraeli waliambiwa waokote mana, kile chakula Mungu alichowashushia jangwani, pishi moja kwa kila mtu na wasibakize mpaka asubuhi, lakini wengine wakabakiza, ikaingia mabuu, ikanuka. Ni Ijumaa tu, siku ya sita, waliokota mara mbili kwa ajili ya Sabato na hiyo haikuoza. Yani mana haikuwa na kasoro yoyote, Mungu alitaka warudi kesho!

Nikaanza kuona neno "leo" kila mahali. Kwenye Sala ya Bwana, wale waliozoea kusali "Utupe leo mkate wetu wa kila siku" wanalisikia moja kwa moja, ila Biblia ya Union imeandika "Utupe leo riziki yetu" na mimi napenda sana hilo neno riziki, maana riziki unaipokea siku kwa siku, huwezi kuipanga yote mwenyewe. Halafu Yesu anakuja kwenye Yohana 6, watu wameshiba mikate mitano ya shayiri jana yake, wamemfuata wanataka mingine, anawaambia "Mimi ndimi mkate wa uzima". Wengi wakaona neno gumu wakaondoka. Walikuwa wanautaka mkate, yeye anajitoa mwenyewe. Hapo ndo nilijiona kabisa, nilikuwa nafuata ile hisia ya kushiba, yeye simtafuti.

Sasa ushauri wangu kwa mtu aliyekauka kama nilivyokauka mimi, usianze na mpango wa sura kumi kwa siku, utachoka tu. Chukua kipande kidogo, asubuhi kabla hujashika simu, mistari mitano inatosha, itafune, rudia kwa sauti, muulize Mungu hapa unaniambia nini leo. Siku ukiruka usijaribu kufidia kwa kusoma ya siku tatu kwa mpigo, anza tu na ya leo.

Na kama umechoka kiasi kwamba hata mistari mitano ni mzigo, nenda 1 Wafalme 19. Nabii Eliya kalala chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, anaomba afe, na malaika hakumhubiria, alimletea mkate na maji, Eliya akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale, maana safari ilikuwa kubwa kwake. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye kule mlima Horebu. Kwa hiyo kuna siku na mimi nakula kwanza, nalala, Biblia naifungua nikiamka.