Maandishi Madogo Mno au Makubwa Mno: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kwenye Photoshop na GIMP

Anayeanza kazi ya kutengeneza picha na matangazo hukutana na tatizo hili mapema sana. Umeandika 48 kwenye kisanduku cha ukubwa wa fonti, maandishi yakatoka madogo kiasi kwamba huyaoni mpaka uikuze picha. Kesho yake unafungua faili jingine, unaweka 48 ileile, na neno moja linajaza picha nzima. Wengi hudhani programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop au GIMP, imeharibika, wanaiondoa na kuisakinisha upya, na tatizo linabaki palepale. Programu haina shida. Namba 48 haisemi lolote mpaka ujue mambo mawili: inahesabiwa kwa kipimo gani, na faili lenyewe limewekewa rezolusheni ipi.

Pointi ni kipimo cha karatasi. Pointi 72 zinatimiza inchi moja, yaani sentimita 2.54. Pikseli haina urefu wa kudumu, ni nukta tu ya rangi. Kinachounganisha viwili hivi ni rezolusheni, yaani idadi ya pikseli zinazoingia ndani ya inchi moja. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha pointi kwa rezolusheni, kisha gawanya kwa 72, jibu ni pikseli. Pointi 12 kwenye faili la rezolusheni 72 ni pikseli 12. Kwenye 150 ni pikseli 25. Kwenye 300 ni pikseli 50. Iweke hesabu hii kichwani, maana matatizo mengi utayatambua kabla hata hujagusa menyu.

Tuchukue picha iliyopigwa kwa simu. Ina pikseli 4000 kwa 3000, na mara nyingi faili lake limeandikwa rezolusheni 72. Ukiandika jina la mteja kwa pointi 48, herufi zinapewa pikseli 48 tu ndani ya picha yenye kimo cha pikseli 3000. Hiyo ni chini ya asilimia 2 ya kimo cha picha, lazima yaonekane kama sisimizi. Sasa geuza: umetengeneza faili la pikseli 1080 kwa 1080 la kuweka mtandaoni, lakini ulipolianzisha uliacha rezolusheni ya 300. Pointi 48 hapo ni pikseli 200, karibu sehemu ya tano ya picha yote.

Dawa kwenye Photoshop ni kufungua menyu ya Image, kisha Image Size, au ubonyeze Ctrl+Alt+I. Kabla ya kubadilisha chochote, toa tiki kwenye Resample. Hatua hii usiiruke. Tiki ikiwepo, kubadilisha 72 kuwa 300 kutaifanya programu ibuni pikseli mpya na kuvimbisha faili zaidi ya mara kumi na saba. Tiki ikitolewa, pikseli zinabaki zilivyo na kinachobadilika ni ile namba ya rezolusheni peke yake. Usishtuke ukiona maandishi yaliyokuwa pointi 48 sasa yanasomeka 11.52. Herufi hazijapungua hata pikseli moja, ni hesabu tu imehama. Kwenye GIMP kazi hiyohiyo inafanyika kwenye menyu ya Image, kisha Print Size.

Kama kazi yako yote inaishia kwenye skrini, yaani stetasi za WhatsApp, picha za Instagram au za tovuti, ushauri wetu ni kuachana na pointi kabisa. Kwenye Photoshop nenda Edit, Preferences, Units & Rulers, na kwenye Type chagua Pixels. Tangu hapo 48 ni pikseli 48, rezolusheni iwe 72 au 300. Mpangilio huu ni wa programu nzima, si wa faili moja, kwa hiyo ukianza kazi ya kuchapisha kumbuka kurudisha Points. GIMP yenyewe huanza na pikseli, na kipimo kinabadilishwa kwenye kiorodha kilicho kando ya namba ya ukubwa. Ukiona maandishi ya GIMP yamekuwa makubwa ghafla, angalia kama pameandikwa px au pt.

Usikadirie ukubwa wa maandishi kwa macho ukiwa hujui umekuza picha kwa asilimia ngapi. Karatasi ya A4 kwa rezolusheni 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768 ikiionyesha yote kwa pamoja, inaipunguza hadi karibu asilimia 17. Maandishi ya pointi 12, yenye pikseli 50, yanaonekana kwa pikseli 8 au 9 hivi. Anayeanza anaona hayasomeki, anayapandisha hadi 30, halafu karatasi inatoka na herufi za tangazo la msiba. Bonyeza Ctrl+1 kwenye Photoshop, au 1 kwenye GIMP, uone picha kwa asilimia 100 ndipo uamue. Kwenye GIMP angalia pia menyu ya View: ikiwa Dot for Dot haina tiki, asilimia 100 inafuata ukubwa wa karatasi badala ya pikseli, na faili la 300 litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Namba inabadilika, maandishi yamegoma

Kwenye Photoshop, kinachobadilika kinategemea ulichochagua. Leya (tabaka) ya maandishi ikiwa imechaguliwa na mshale haupo ndani ya maneno, ukubwa mpya unashika leya yote. Mshale ukiwa unapepesa ndani ya sentensi na hujachagua herufi hata moja, ukubwa mpya unasubiri herufi utakazoandika kuanzia hapo. Zilizokwisha kuandikwa haziguswi. Na kama uko kwenye leya ya picha ya kawaida, umebadilisha tu ukubwa wa maandishi yajayo. Kisanduku cha ukubwa kikiwa kitupu, maana yake ndani ya leya mna saizi zaidi ya moja. Ukitaka kubadilisha kidogokidogo huku ukiangalia, chagua maneno kisha bonyeza Ctrl+Shift+> kuongeza pointi 2, au ongeza Alt humo kwa pointi 10. Alama ya < inapunguza.

GIMP ina mtego wake, nao unawasumbua watu kuliko wote. Ina sehemu mbili za kuweka ukubwa: paneli ya zana pembeni, na kile kibao kidogo kinachoelea juu ya maandishi unapoandika. Ukibadilisha saizi kwenye kibao kinachoelea, hiyo inashikamana na herufi zenyewe na kuishinda paneli ya pembeni. Utahangaika na paneli, utaweka 20, utaweka 200, na maneno hayatatikisika. Bofya ndani ya maandishi, bonyeza Ctrl+A kuchagua yote, kisha kwenye kibao hicho bofya kitufe cha kufuta mtindo wa maandishi yaliyochaguliwa. Sasa paneli itatii. Zoea kutumia paneli kwa saizi ya leya nzima, na kibao kinachoelea pale tu unapotaka neno moja litofautiane na mengine.

Mtego wa pili wa GIMP ni zana ya Scale. Ukikuza leya ya maandishi kwa zana hiyo, programu inavuta pikseli, haiandiki upya. Kingo za herufi zinapata ukungu. Ukirudi kuhariri tahajia, GIMP itakuonya kwamba leya imebadilishwa kwa zana nyingine, na ukikubali kuhariri, maandishi yanarudi ukubwa wa mwanzo. Ukubwa wa maandishi kwenye GIMP ubadilishe kwa namba tu.

Photoshop inavumilia zaidi. Ctrl+T juu ya leya ya maandishi inakuza bila kuharibu kingo, na maandishi yanabaki ya kuhaririwa. Tatizo ni namba zinazobaki: 36 iliyokuzwa kwa asilimia 137.5 inasomeka 49.5, na ukiwa na vichwa sita kwenye kipeperushi kimoja kila kimoja kinabeba namba yake. Ukishapata ukubwa unaokupendeza kwa jicho, andika namba kamili mwenyewe kisha uipe vichwa vyote. Angalia pia kitufe cha Shift. Kuanzia toleo la CC 2019, Ctrl+T inalinda uwiano bila kushika Shift, na ukishika Shift ndipo unapobonda herufi. Matoleo ya zamani yalikuwa kinyume chake. Ukiona fonti imenenepa au imerefuka bila sababu, fungua paneli ya Character, tazama upana na kimo cha herufi kwa asilimia. Vyote viwe 100. Menyu ya paneli hiyo ina Reset Character inayosafisha yote kwa mara moja.

Maandishi yamepotea au yamepandana

Kwenye Photoshop, ukibofya mara moja na kuandika, mstari unakwenda hadi utakapobonyeza Enter. Ukiburuta kwanza, unapata kisanduku chenye mipaka, na maandishi yasiyoenea yanafichwa. Dalili yake ni alama ndogo ya kujumlisha kwenye kona ya chini kulia. Kisanduku kikiwa kidogo kuliko herufi moja, huoni kitu kabisa na unadhani umeandika kwa rangi ya nyuma. Vuta kona kukipanua. Ipo pia njia ya menyu ya Type, kisha Convert to Point Text, lakini panua kisanduku kwanza mpaka ile alama iondoke. Maneno yaliyozidi mipaka hufutwa wakati wa kugeuza, na utagundua namba ya simu ya mteja haipo wakati vipeperushi vimeshatoka.

Mistari kupandana ni suala la nafasi kati ya mistari, inayoitwa Leading kwenye paneli ya Character. Ikiwa mtu aliifunga kwenye pointi 12 kisha ukakuza fonti hadi 60, nafasi inabaki 12 na mstari wa pili unalala juu ya wa kwanza. Chagua maandishi yote, weka Auto. Auto ni asilimia 120 ya ukubwa wa fonti, kwa hiyo 60 inapata 72. Kwa vichwa vya habari vya herufi kubwa tupu tunaona Auto inaacha pengo kubwa. Asilimia 95 hadi 105 inakaa vizuri zaidi.

Yakifika kwenye karatasi na turubai

Ukubwa wa fonti haupimi herufi unayoiona. Unapima kimo chote kilichotengwa kwa ajili ya fonti, pamoja na nafasi ya mikia ya g na y. Herufi kubwa ya Arial inachukua karibu asilimia 72 ya kimo hicho, ya Times New Roman kama 66. Fonti za mwandiko zinazopendwa kwenye kadi za harusi zina herufi ndogo mno kwa saizi ileile, ndiyo maana jina la bibi harusi kwa pointi 14 za mwandiko linazidiwa na ukumbi ulioandikwa kwa Arial 10. Kwenye kadi ya inchi 5 kwa 7, ambayo kwa rezolusheni 300 ni pikseli 1500 kwa 2100, usishuke chini ya pointi 8 kwa maelezo ya kawaida, na fonti ya mwandiko usiishushe chini ya 14. Wanaoisoma kadi hiyo ni pamoja na babu na bibi.

Kwa mabango, kanuni inayofuatwa sana na watengenezaji ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Bango la kusomwa kutoka mita 12 linahitaji herufi za sentimita 10. Gawanya 10 kwa 0.72 (ile asilimia 72 ya Arial) unapata 13.9, gawanya kwa 2.54, zidisha kwa 72, unapata pointi 394. Bango la mita 3 kwa 1 ukilitengeneza kwa ukubwa wake halisi, rezolusheni 100 inatosha, nayo ni pikseli 11,811 kwa 3,937. Unaweza pia kufanya kazi kwa sehemu ya kumi, yaani sentimita 30 kwa 10: herufi zako zinakuwa pointi 39 hivi na rezolusheni lazima iwe 1000 ili nukta zisipungue. Mwandikie fundi wa mashine waziwazi kwamba faili ni la kukuzwa mara kumi. Faili la Photoshop likienda kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, fonti mbadala itavuruga upana wa kila mstari. Hifadhi nakala, na kwenye nakala ya kupeleka tumia Type, kisha Convert to Shape.

Maandishi yakitoka madogo kwenye karatasi ilhali hesabu zote ni sahihi, mtuhumiwa wa kwanza ni dirisha la kuchapisha. Chaguo la kutosheza ukurasa hupunguza kila kitu kimyakimya. Chora mstari wa milimita 100 kamili pembeni ya kazi, chapisha, pima kwa rula. Ukipata 94, printa inachapisha kwa asilimia 94. Chagua ukubwa halisi, asilimia 100, urudie.

Kwa picha ya simu kipimo ni kingine. Picha yenye upana wa pikseli 1080 inaonyeshwa kwenye kioo cha upana wa sentimita 6.5 hivi. Fonti ya pikseli 24 inakuwa milimita 1.4, na herufi kubwa yenyewe milimita 1 tu. Anzia pikseli 40. WhatsApp ikipokea picha kama picha huibana, na maandishi membamba ndiyo yanayoumia kwanza. Anayehitaji kuichapisha mtumie kama dokumenti.

Mwisho, kama kilicho kidogo ni menyu na paneli za programu zenyewe, usiguse fonti za kazi yako. Hiyo ni laptopu yenye skrini ya nukta nyingi. Kwenye Photoshop nenda Preferences, Interface, ongeza UI Scaling na UI Font Size, kisha funga programu na uifungue upya, kwani mabadiliko hayaonekani kabla ya hapo.