Kucheza raga ni kazi moja, kuifundisha ni nyingine

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wachezaji wanaotaka kuwa makocha. Nimechagua chache. Za ratiba ya Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba, nimeziweka kando: ratiba hutangazwa na Chama cha Raga Kenya (KRU), na nimeshasema hivyo mara nyingi.

Nimecheza Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, miaka minane, mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinaposukumana bega kwa bega kugombea mpira. Goti limechoka. Nikistaafu mwaka ujao, ni klabu gani zinatafuta makocha? – Lang'ata

Umeanza na swali la mwisho, ndugu yangu. Klabu haitafuti mchezaji mstaafu. Inatafuta mtu ambaye tayari anafundisha. Umesukuma skramu miaka minane, lakini je, umewahi kumweleza kijana wa miaka 15 pa kuweka miguu, bega na kichwa ili asiumie shingo? Umewahi kupanga mazoezi ya saa moja na nusu ambayo watu 30 hawasimami wakipiga gumzo? Umewahi kumwita rafiki yako pembeni ukamwambia Jumamosi hachezi, na sababu ukampa? Hayo ndiyo yanayolipiwa mshahara.

Bado una msimu mmoja mbele yako, basi utumie. Mwombe kocha wako akuachie wasukumaji wa skramu siku moja kila wiki. Tafuta shule ya sekondari iliyo karibu nawe ujitolee muhula mzima, si siku moja ya kupigwa picha. Kozi ya ukocha ya daraja la kwanza ya World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ifanye sasa ukiwa bado mchezaji, na la pili ukishakuwa na timu ya kujaribia unayofunzwa. Jifunze pia kuchambua video ya mechi, maana klabu yenye makocha wawili haina pesa za kumwajiri wa tatu kwa kazi hiyo. Nimewaona wachezaji hodari wa mji huu wakistaafu na kukaa nyumbani wakingoja kuitwa. Hawakuitwa. Yote waliyoyajua yamekaa nao huko, wakati vijana wa Eastlands wanafundishwa skramu na mtu ambaye hajawahi kuingia ndani yake. Linaniuma sana jambo hili.

Je, lazima niwe nimechezea timu ya taifa ndipo niwe kocha? – Kasarani

La. Jina litakupa heshima wiki mbili, kisha wachezaji wataanza kupima mazoezi yako.

Wazee wetu hapa husema marehemu Benjamin Ayimba alizaliwa kocha. Kweli? – Ngong Road

Kipaji alikuwa nacho, lakini kauli hiyo inafuta jasho lake. Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya na alicheza Uingereza na Cornish Pirates kabla ya kukabidhiwa Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba kule Dubai, timu yake iliifunga Fiji 26-7 katika robo fainali, kisha ikatolewa na Argentina kwenye nusu fainali. Aliondoka, wakaja makocha wengine, akarudishwa mwaka 2015. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, alikutana na Fiji hao hao kwenye fainali: 30-7, taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia wa wachezaji saba. Anayeifunga Fiji namna hiyo mara mbili, kwa vikosi viwili vilivyopishana miaka saba, amekaa chini akaisoma Fiji. Hilo halizaliwi na mtu.

Lakini nanyi mnaoitamani kazi hii, someni mbele kidogo. Miezi minne baada ya Singapore, Shujaa walimaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12 katika Olimpiki ya Rio, na mwaka huo huo kiti chake kikapewa Innocent Simiyu, naye pia nahodha wa zamani. Simiyu aliwafikisha kwenye fainali za Vancouver na Hong Kong mwaka 2018. Msimu huo huo wachezaji walifunika jina la mdhamini kwenye jezi kule Paris wakilalamikia malipo, na mwaka haukuisha kabla Simiyu naye hajaondoka. Baadaye aliitwa tena na akaongoza timu kwenye Olimpiki ya Tokyo. Ayimba alitutoka Mei 2021, akiwa na miaka 44. Nchi ilimlilia sana. Ingemtunza zaidi alipokuwa hai.

Kwa nini tusilete kocha mzungu atupeleke Kombe la Dunia? – Umoja

Tafadhalini, swali hili sasa limezidi. Simbas, timu yetu ya wachezaji 15, walipewa Jerome Paarwater wa Afrika Kusini. Walipewa pia Ian Snook wa New Zealand, aliyewafikisha kwenye mchujo wa mwisho kule Marseille Novemba 2018. Kombe la Dunia hawajalicheza hata mara moja. Shujaa walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba kule Moscow mwaka 2013 chini ya Mwingereza Mike Friday, na wakashuka daraja katika msururu wa dunia mwaka 2023 chini ya Mwingereza mwingine, Damian McGrath. Aliyepokea timu iliyoshuka ni Mkenya, Kevin Wambua. Septemba ya mwaka huo waliifunga Afrika Kusini 17-12 kule Harare wakapata tiketi ya Olimpiki ya Paris, na Juni 2024, Madrid, wakarudi kwenye ligi kuu ya dunia.

Sina neno baya juu ya wageni. Friday alifanya kazi nzuri. Ninalolikataa ni mtindo wa kumwita Mkenya mambo yakiharibika, bila muda na bila wasaidizi, kisha kumfukuza kwa matokeo ambayo mgeni angesamehewa.

Kocha wa klabu hulipwa kiasi gani? – Ruaraka

Inategemea kama klabu ina kampuni nyuma yake. Usiulize kiasi tu. Uliza tarehe ya malipo, bima ya matibabu, na nini kitatokea ukiachishwa katikati ya msimu. Yote yaandikwe na kutiwa sahihi. Ahadi ya mwenyekiti kwenye maegesho ya magari si mkataba.

Mwanangu wa kidato cha tatu aligongwa kichwa akaanza kuyumba. Kocha akampa maji, akamrudisha mechi ya pili siku hiyo hiyo. Je, ni sawa? – Mama, Donholm

Si sawa hata kidogo, mama. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa uwanjani na harudi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata ikiwa fainali. Mpeleke kwa daktari leo kama hujampeleka. Akitapika, akisinzia kuliko kawaida, au kichwa kikizidi kumuuma, usingoje kesho. Asiguse mpira mpaka daktari aruhusu, na arudi hatua kwa hatua. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu useme haya yote bila kuogopa kuonekana msumbufu. Nawe kocha unayesoma hapa: kama hujui kanuni hii, usisimame mbele ya watoto wa watu.

Mimi ni mchezaji wa kike. Naweza kufundisha wanaume? – South B

Ndiyo, dada. Lionesses, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamecheza Olimpiki za Rio na Tokyo. Tuna wanawake wanaoujua mchezo huu kwa undani kuliko wengi wanaopewa timu. Klabu zinazongoja "wakati ufaao" zinapoteza makocha.

Nianze na wachezaji saba au 15? – Kikuyu

Anza na 15. Ukiweza kupanga skramu, lainiauti (kugombea mpira unaorushwa kutoka pembeni baada ya kutoka nje) na ulinzi wa dakika 80, kuhamia mchezo wa dakika 14 ni rahisi kuliko kutoka huko kuja huku.

Kozi za ukocha zinaanzia wapi? Sina pesa. – Kibera

Masomo ya utangulizi ya World Rugby, yakiwemo ya sheria za mchezo na ya majeraha ya kichwa, yako kwenye intaneti bila malipo. Yamalize, hifadhi vyeti, kisha uwaulize KRU tarehe ya kozi ya daraja la kwanza. Ukienda, beba viatu vya mpira, kwa sababu nusu ya kozi iko uwanjani.