Uliza Usiku wa Julai

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeegesha lori kando ya mji wa Flagstaff napumzisha macho. Unasema baridi ya Minneapolis imewachosha, mumeo anaweza kupata kazi ya kuezeka mapaa katika mji wowote wa huku jangwani, kusini-magharibi mwa Marekani, na mnataka kuhama kabla mtoto wa pili hajaanza kutambaa. Ukauliza: kati ya Phoenix, Tucson, Las Vegas, El Paso na Albuquerque, wapi hewa itawafaa, wewe ukiwa mjamzito na mjukuu wangu ana pumu? Kisha ukasema, "Baba, wewe umepita kote, tuambie ukweli." Kwa simu tusingemaliza, ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Jambo la kwanza, mama, usichague mji kwa joto la mchana. Kila utakayemuuliza atakutajia mchana. Mchana una dawa zake: kivuli, maji, kukaa ndani. Usiku ndio unaoupima mji. Mwili uliopigwa na jua kutwa unahitaji saa chache za kupoa ndipo kesho uanze upya, na mji usiokupa saa hizo unakumaliza kidogo kidogo, hata kama huoni.

Mwaka 2023 hapa Phoenix, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai, siku 31 mfululizo, joto la mchana lilifika nyuzi 43 na kupita. (Nakuandikia kwa Selsiasi tulizozizoea nyumbani, si Farenhaiti za redio ya huko kwenu.) Hizo siku 31 zilitangazwa dunia nzima. Kilichonitisha mimi ni alfajiri. Tarehe 19 Julai, saa ile ambayo hewa huwa imepoa kuliko saa zote, mji ulikuwa bado kwenye nyuzi 36. Mchana wa Mombasa mwezi wa Machi, ule unaotufanya tukimbilie vibarazani, huwa kama 33. Nilifungua mlango baada ya kuswali nikahisi kama mtu amefunua sufuria usoni mwangu, na jua lilikuwa halijachomoza.

Kuna jambo hatukukwambia wakati ule, kwa sababu ulikuwa mbali na una mtoto mchanga. Kiyoyozi chetu kilikufa mwezi huo huo. Mwenye nyumba alichukua siku nne kuleta fundi. Mama yako alilala juu ya vigae amejifunika taulo bichi, na usiku wa pili akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Tulimkimbiza hospitali wakamtundikia dripu. Alipona, alhamdulillahi. Mwaka huo kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu watu 645 waliokufa kwa sababu ya joto, na wengi wa waliofia ndani ya nyumba walikuwa na kiyoyozi, ila kilikuwa hakifanyi kazi. Kila nikikumbuka hilo namwona mama yako pale sakafuni.

Sasa, kwa nini Phoenix haipoi? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni lami na zege. Mji umetandazwa mno, na hiyo lami, ambayo mchana wa Julai hupita nyuzi 70 na kuunguza ngozi ya mtu aliyeanguka, hukaa usiku kucha ikirudisha joto ililolimeza. Ya pili ni mwinuko, na hapa ndipo ningependa mumeo achukue ramani. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi sita au zaidi. Phoenix iko chini, kama mita 330 tu juu ya usawa wa bahari. Jioni moja ya Juni natoka hapa shati limenigandia mgongoni, baada ya saa mbili na nusu za kupanda nafika Flagstaff, mita 2,100, natafuta sweta. Ni jimbo lile lile la Arizona, siku ile ile. Flagstaff yenyewe sikushaurini, maana theluji yake ya mwaka huzidi mita mbili na nyinyi mnaikimbia theluji. Lakini barabara ile ndiyo iliyonifunza kwamba jangwa hili si mahali pamoja. Ni ngazi, na kila mji umekaa kwenye kidato chake.

Kwa hiyo nimeshika kipimo kimoja: usiku wa kawaida wa Julai. Phoenix ni nyuzi 29. Las Vegas ni 28, iko mita 600 lakini imezungukwa na milima na zege, na mwaka 2024, tarehe 7 Julai, mchana wake ulifika 48.9, rekodi ya mji huo. Mvua inayonyesha kule mwaka mzima ni kama milimita 105, wakati Mombasa hupata zaidi ya 1,000. Maji yao karibu yote hutoka Ziwa Mead, ambalo nimeliona likishuka mwaka hadi mwaka mpaka miamba ikabaki na mkanda mweupe. Las Vegas ifuteni.

El Paso ni 23 usiku. Ni mji wa watu wakarimu, mwinuko wake unapita mita 1,100, na majira yake ya baridi ni mepesi. Lakini 2023 wao nao walikaa siku 44 mfululizo za kufika nyuzi 38, na kuanzia Machi hadi Mei upepo huko hubeba vumbi mpaka nalazimika kusimamisha lori kwa kutoiona barabara. Kwa kifua cha mtoto wako, hapana.

Tucson nimeifikiria sana kwa sababu moyo wangu unaitaka. Iko chini ya saa mbili kutoka kwetu. Usiku wa Julai ni kama 24, mchana 38, na Januari mchana ni 19, mnaweza kukaa nje na fulana. Iko mita 730, na pembeni yake una mlima Lemmon wa karibu mita 2,800 wa kukimbilia Jumapili. Kiswahili utakisikia dukani, kwa ndugu zetu Wakongomani. Na Julai inapoingia, upepo hugeuka, mawingu hupanda kutoka kusini, radi hupiga jioni, na kile kichaka chao cha kreosoti hutoa harufu ya mvua ambayo sijawahi kuikuta kwingine. Watu wa hapa mvua hizi huziita monsuni, kutokana na neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi "msimu". Sisi tuliokulia kwenye kaskazi na kusi tunaelewa: ukijua upepo unakogeukia, unaujua mwaka. Lakini muonye mumeo kuhusu makorongo. Yanakuwa makavu miezi tisa, kisha mvua iliyonyesha mlimani hushuka kama ukuta. Arizona ina sheria ya kumtoza gharama za uokozi dereva anayezunguka kizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika.

Kinachonizuia kuwaambia "njooni Tucson" ni ugonjwa unaoitwa homa ya bondeni. Ndani ya udongo mkavu wa huku kuna kuvu. Udongo ukichimbwa au ukipeperushwa, mbegu zake ndogo mno huingia mapafuni. Hauambukizwi na mtu kwa mtu, na wengi hupona bila hata kujua kwamba waliupata. Lakini Arizona huripoti wagonjwa wengi kuliko jimbo lolote, na wengi wao wako huku Phoenix na huko Tucson. Ukisambaa, hutoka mapafuni ukaingia mifupani au kwenye utando wa ubongo, na wanaopatwa zaidi na hali hiyo ni sisi watu weusi na wanawake wajawazito, hasa miezi ya mwisho. Dereva mwenzangu alitibiwa nimonia wiki sita, dawa baada ya dawa, anakonda, mpaka daktari mmoja akafikiria kumpima damu kwa ugonjwa huo. Popote mtakapokaa, hata mkipita Arizona siku tatu, ukipata kikohozi na homa isiyoisha, taja mwenyewe jina hilo kwa daktari. Madaktari wa majimbo mengine hawaufikirii.

Kwa hiyo baba yako anasema Albuquerque.

Iko katika jimbo la New Mexico, mita 1,600, kama Iringa alikokuwa akikaa shangazi yako. Mchana wa Julai ni 34, na jua la juu kule ni kali, linachoma hata ukihisi hewa baridi, kwa hiyo mumeo avae kofia pana na mikono mirefu. Lakini usiku hushuka hadi 20 au chini kidogo. Madirisha yanafunguliwa. Nimelala ndani ya lori Albuquerque katikati ya Julai, injini imezimwa, nikajifunika shuka. Phoenix jambo hilo lingeniua.

Nyumba nyingi kule zina kipoza hewa cha maji badala ya kiyoyozi. Usikidharau. Hufanya kazi kama mtungi wa bibi yako: maji yanayotoka kwenye udongo na kukauka ndiyo yanayopoza yaliyobaki. Feni hupuliza hewa kupitia pedi zilizoloa, na kwa kuwa hewa ya kule ni kavu, chumba hupoa kwa umeme kidogo sana. Wiki za mvua, Julai na Agosti, hupungua nguvu kwa sababu hewa imebeba unyevu, ila usiku bado unakuokoa. Mkikagua nyumba, mwambieni mwenye nyumba akiwashe mbele yenu.

Baridi ipo. Januari usiku hushuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri, lakini mchana hupanda hadi 9 na jua linawaka, theluji ya asubuhi mara nyingi imeyeyuka kufikia adhuhuri. Nyinyi mnaotoka kwenye 13 chini ya sifuri mtaicheka baridi hiyo.

Kasoro zake nazo sitakuficha. Kuna upepo wa Machi na Aprili na vumbi lake, ingawa kwa macho yangu si kama wa El Paso. Kuna moshi: mwaka 2022 moto mkubwa kuliko yote katika historia ya New Mexico uliwaka katika milima ya kaskazini, na moshi wa namna hiyo ni adui wa pumu, kwa hiyo mashine ya kusafisha hewa chumbani kwa mtoto mnunue kabla ya kochi. Mwaka huo huo mto Rio Grande ulikauka ndani ya mji, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka karibu 40. Maji ni hofu ya jangwa lote, usiamini mtu atakayekuambia mji wake umeiepuka. Na wiki mbili za kwanza mtahema mkipanda ngazi. Mwambie mkunga au daktari wako kuhusu mwinuko kabla hujahama, wala usihame mwezi wa tisa wa mimba.

Kuhusu mumeo: hapa Phoenix waezekaji wa mapaa hupanda juu kabla ya jua kuchomoza na kujaribu kushuka kabla halijawa kali, maana paa lenyewe ni kaango. Ni kijana mwenye bidii, na watu wenye bidii ndio wanaoanguka, kwa sababu hawasemi wamechoka. Albuquerque atafanya kazi ngumu, lakini usiku atalala na mwili utarudi.

Najua unachokifikiria. Kutoka hapa hadi Albuquerque ni karibu kilomita 675, siku nzima ya kuendesha kwa mtu mwenye watoto, na mlitaka kuja huku ili tuwe karibu. Mama yako alilia nilipomsomea ukurasa huu. Nami ningependa wajukuu wangu wagonge mlango wangu bila kupiga simu kwanza. Lakini siwezi kuwaita kwenye nyumba ambayo usiku wake ulitaka kuniulia mke.

Ila barabara ya I-40 naipita mara mbili kwa wiki, na inakatiza katikati ya mji huo. Nitawaona kuliko ninavyowaona sasa.

Ombi langu moja: msije kukagua miji mwezi wa Februari. Februari jangwa lote ni pepo, na watu wengi hununua nyumba mwezi huo. Njooni wiki ya pili ya Julai kama daktari wako atakuruhusu kusafiri. Kama hatakuruhusu, aje mumeo peke yake. Alale usiku mmoja kwetu, mmoja Tucson, miwili Albuquerque, na kila mahali atoke nje saa kumi usiku, kabla ya alfajiri, asimame dakika kumi. Nitampeleka mimi kwa gari letu dogo. Nipe tarehe mapema niombe siku kazini.

Mama yako anakusalimu. Mbusu mjukuu wangu.

Ni mimi baba yako.