Modeli niliyoinoa kwa LoRA haijui kunyamaza: niongeze r?

SWALI: Nimeinoa modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7 kwa njia ya LoRA (kufunza adapta, yaani vipande vidogo vya nyongeza, badala ya modeli nzima), kwenye kadi moja ya GPU yenye kumbukumbu ya GB 24. Nina mifano 6,000 ya maswali na majibu. Nimeweka r (upana wa adapta) = 8 na alfa (kizidisho cha nguvu yake) = 16, adapta ziko kwenye matriksi za q na v tu, ambazo ni sehemu ya tabaka za usikivu, kasi ya kujifunza ni 0.00002, na nimepitia data mara 5. Hasara, yaani kipimo cha makosa, imeshuka vizuri. Lakini nikiuliza swali, modeli inajibu, halafu inajitungia swali jingine na kulijibu, na kuendelea hivyo hadi ifike kikomo cha tokeni (vipande vya maneno). Je, r ni ndogo mno? Niipandishe hadi 64 au 128?

JIBU: Usiiguse r kwanza. Modeli inayotoa jibu sahihi kisha ikashindwa kukoma imeshajifunza kazi yenyewe. Ambacho haijafundishwa ni tokeni moja tu, ile ya kukomea, na hata r ya 128 haitaifundisha kitu ambacho hakimo kwenye hesabu ya hasara.

Chanzo kikuu cha tatizo hili ni hiki. Modeli nyingi za msingi hazina tokeni ya kujazia, ile inayorefusha mifano mifupi ili fungu zima la mifano inayofunzwa pamoja liwe na urefu mmoja. Kwa hiyo watu huandika mstari mmoja unaosema tokeni ya kujazia iwe ileile ya kukomea. Programu inaendelea bila kulalamika. Baadaye, kipande cha programu kinachopanga mafungu hubadilisha lebo (jibu ambalo modeli inatakiwa kutabiri) ya kila tokeni ya kujazia kuwa -100, namba ambayo maktaba ya PyTorch huiruka inapokokotoa hasara. Kwa kuwa tokeni hizo mbili sasa zina namba moja, tokeni halisi ya kukomea iliyo mwishoni mwa jibu nayo inafutwa. Mifano yote 6,000 ina mwisho, lakini modeli haijawahi kuulizwa kuhusu mwisho hata mara moja. Na hasara itashuka kama kawaida, maana kosa lenyewe halihesabiwi. Ndiyo sababu tatizo hili linawapotezea watu muda mwingi: mchoro wa hasara ni mzuri, na mtu anaanza kushuku r.

Thibitisha kabla ya kurekebisha. Chukua mfano mmoja baada ya kupangwa kwenye fungu, uuchape tokeni kwa tokeni, kila moja na lebo yake. Ikiwa tokeni ya kukomea ni namba 2, unapaswa kuona mpangilio wa namna hii:

Swali … → -100
Jibu: → -100
Ndiyo → namba ya tokeni hiyo
. → namba ya tokeni hiyo
‹komea› → 2
‹jazia› → -100
‹jazia› → -100

Ukikuta mbele ya ‹komea› pameandikwa -100, umempata mwizi. Ukikuta ‹komea› haipo kabisa, basi kiolezo chako (mpangilio wa kuandika swali na jibu) hakiiweki, na inabidi uiongeze mwenyewe mwishoni mwa kila jibu. Angalia pia mwanzo wa mfano: tokeni ya kuanzia ikitokea mara mbili, kiolezo kimeiweka na kikata-tokeni kimeiweka tena.

Marekebisho ni kutumia tokeni tofauti ya kujazia. Modeli nyingi zina tokeni za akiba ambazo hazijatumika. Chagua moja kati ya hizo. Au tengeneza lebo mwenyewe kwa kufuata urefu halisi wa kila mfano, usitegemee namba ya tokeni.

Hapa kuna mtego wa pili. Ukiongeza tokeni mpya kabisa kwenye msamiati, mathalani alama za kutenganisha muulizaji na mjibuji, safu zake kwenye jedwali la tokeni zinaanza na namba za kubahatisha. LoRA ya kawaida hailigusi jedwali hilo wala tabaka la mwisho la kutoa, kwa hiyo safu hizo zitabaki hivyohivyo hadi mwisho wa ufunzaji. Tokeni ya kujazia haina shida, kwa kuwa haisomwi wala haitabiriwi. Alama ya kukomea itakuumiza. Unaweza kuagiza matabaka hayo mawili yafunzwe yote, ila piga hesabu kwanza: msamiati wa tokeni 32,000 mara upana wa 4,096 ni vigezo milioni 131 kwa kila tabaka, na kwa baiti 16 kwa kigezo ni takriban GB 2.1, mara mbili. Kutumia tokeni ambazo modeli ilishafunzwa nazo tangu awali ni nafuu zaidi.

Kisha hakikisha upande wa kujibu unatumia kiolezo kilekile cha ufunzaji, na kwamba unajua tokeni zote za kukomea. Llama 3, kwa mfano, ina moja ya kufunga zamu ya mazungumzo na nyingine ya kufunga maandishi. Programu ya kujibu ikijua moja tu, modeli itakoma kwa ile nyingine na hakuna atakayeisikia.

Sasa turudi kwenye mipangilio yako, kwa sababu nayo ina kasoro, ingawa si uliyoidhania.

LoRA, iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Microsoft, huiacha matriksi kubwa W bila kuigusa na kuongeza zao la matriksi mbili nyembamba, B na A, likizidishwa kwa alfa gawanya kwa r. B huanza ikiwa sifuri tupu. Hilo linakupa kipimo cha bure: kabla ya hatua ya kwanza ya ufunzaji, modeli yenye adapta lazima itoe matokeo sawasawa na modeli ya msingi. Yakitofautiana, kuna kitu umekipakia vibaya.

Tazama kinachotokea kwenye mgawanyo huo. Sasa hivi una 16/8, yaani 2. Ukipandisha r hadi 64 bila kugusa alfa, unapata 0.25. Umeongeza vigezo mara nane na papo hapo umepunguza nguvu ya adapta mara nane. Wengi hufanya hivyo, kisha wanatangaza kwamba r kubwa haisaidii. Pendekezo la mwaka 2023 linaloitwa rsLoRA hugawanya kwa kipeuo cha pili cha r, na kwa r kubwa ndilo ningelitumia.

Kilicho muhimu kuliko r ni mahali unapoweka adapta. Kazi ya QLoRA ya mwaka 2023, yaani LoRA juu ya modeli iliyobanwa hadi biti 4, ilionyesha kwamba ili kuifikia modeli iliyofunzwa yote, adapta zinahitajika kwenye matabaka yote ya mstari, si q na v pekee. Kwa modeli ya Llama ya ukubwa wako, r = 8 kwenye q na v ni vigezo milioni 4.2; r = 16 kwenye matriksi zote saba za kila tabaka ni karibu milioni 40. Vigezo hivyo milioni 40, pamoja na gredienti (mielekeo ya kuvirekebisha) na kumbukumbu za Adam, kanuni inayovirekebisha, havizidi MB 640. Linganisha na GB 112 za kuifunza modeli nzima. Uzani wa msingi unachukua GB 14 kwa biti 16, au karibu GB 3.5 ukibanwa hadi biti 4. Nafasi inayobaki ndiyo ya kubebea hesabu za katikati, na hizo hukua kwa urefu wa mifano.

Kasi ya kujifunza nayo ni ndogo. 0.00002 ni desturi ya kufunza modeli nzima. Kwa adapta anza na 0.0002, thamani ambayo QLoRA ilitumia kwa modeli za bilioni 7. Ukishaipandisha, mizunguko 5 ni mingi. Tenga mifano 300, pima hasara yake kila baada ya hatua mia, na usimame inapoanza kupanda hata kama ya mafunzo bado inashuka.

Kabla ya kutumia saa nyingi, rekebisha lebo kisha funza kwa mifano 20 tu hadi modeli iikariri. Iulize maswali hayohayo. Ikijibu neno kwa neno na kukoma pale pale, rudisha mifano yote. Ikikariri majibu lakini bado haikomi, rudi kwenye lile chapisho la lebo, kisha ukague tokeni za kukomea upande wa kujibu.