Ujue moto kabla ya viungo: mapishi ya kawaida ya Tanga, ndani na uani

Vijana wanaoanza maisha huniuliza wanunue nini kwanza cha jikoni, na wengi hutarajia niwatajie viungo. Wengine huja na orodha tayari: vikopo vya bizari, michanganyiko ya pilau, sosi za chupa. Mimi huwaambia wanunue sufuria moja nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, mbuzi ya nazi yenye meno makali, kifumbu cha kukamulia tui na jiko zuri. Halafu wakae na moto mpaka waujue. Chakula chetu cha kila siku hapa Tanga, kile ambacho hata mtu aliyechoka au aliyefiwa hula tonge mbili tatu, hakina viungo vingi. Wali wa nazi ni mchele, nazi na chumvi. Muhogo wa nazi hauzidi hapo sana. Nyumba mbili zikinunua vitu vilevile soko la Mgandini, kinachofanya chakula cha huku kiwe kitamu kuliko cha kule ni moto.

Nimekulia Ngamiani, kwenye zile nyumba za vyumba vingi na ua mmoja nyuma, kila mpangaji na jiko lake. Bibi yangu mzaa mama aliwasha jiko mara moja tu mchana, na moto huohuo ukalisha nyumba mpaka usiku. Hakuwa na ujanja wa ajabu. Alipanga chakula kwa kufuata umri wa makaa, na hilo ndilo jambo ninalotaka ulichukue katika makala hii.

Mkaa ukishashika, mwanzo unakuwa mkali. Huo ni wakati wa kuchemsha maji, kukaanga samaki na vitunguu vya mchuzi. Baadaye makaa huiva yote, yanakuwa mekundu bila ndimi za moto, na juu yanaanza kupata vumbi la majivu. Huo ni wakati wa wali, wa mchuzi wa tui, wa kuoka samaki. Mwisho moto unalegea, majivu yanafunika, na hapo ndipo mbaazi na maharage yaliyolowekwa tangu jana yanapopata raha yao. Viazi vitamu navyo huzikwa humohumo kwenye majivu ya moto. Mtu anayepika wali kwenye moto wa kwanza anaunguza chini na kuacha kiini juu, kisha analaumu mchele.

Kuwasha kwenyewe kuna adabu yake. Usitumie vipande vya plastiki wala mpira, na mafuta ya taa yaache. Harufu yake huingia kwenye mfuniko, kwenye mwiko, mpaka kwenye wali, na moshi wa plastiki ni sumu. Sisi watu wa pwani tuna vifuu na makumbi. Vunja kifuu kikavu vipande vidogo, panga chini, mkaa juu, washa kwa karatasi. Kifuu kinawaka upesi na kwa joto kali, kinashikisha mkaa kabla hujachoka kupepea. Kisha subiri. Usiteleke chochote mpaka moshi uishe kabisa.

Sasa wali, maana hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Kwa kilo moja ya mchele chukua nazi mbili zilizokomaa. Tikisa kwanza usikie maji yanacheza ndani. Nazi isiyo na maji mara nyingi imeharibika. Ukikuna, simama unapoanza kuona ukahawia wa ganda la ndani. Watu hukwangua mpaka mwisho wakidhani wanaokoa nazi, tui linatoka lina rangi ya vumbi. Tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja kwa nazi, finyanga kwa mkono mpaka uone mafuta yanang'aa kwenye vidole, kamua kwenye kifumbu. Hilo tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Rudia chicha, yale makapi ya nazi yaliyobaki, kwa maji mengi zaidi upate tui la pili, jepesi.

Tui jepesi ndilo linalochemka na chumvi kwanza. Mchele uliooshwa na kulowekwa kama dakika 20 uingie likishachemka. Kipimo cha maji hutegemea mchele, na hapa wauzaji hawasemi mpaka uwaulize: mchele wa zamani hunywa maji, vikombe viwili vya tui kwa kikombe cha mchele si vingi, mchele mpya, kwa mfano ule unaoshuka kutoka Mombo baada tu ya mavuno, kikombe kimoja na nusu kinatosha na huenda ukatoa bokoboko ukizidisha. Uliza kila unaponunua. Tui likipungua hadi uuone mchele wenyewe umejitokeza na vitundu vidogo vinapumua juu, mimina tui zito, geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, funika.

Hapo sasa ndipo moto unapoamua. Toa makaa mengi chini ya sufuria, acha machache. Yale uliyotoa yaweke juu ya mfuniko. Ndiyo kupalia. Joto la juu linakausha wali bila kuuvuruga, la chini linatengeneza ukoko wa rangi ya dhahabu. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Usifunue kuchungulia. Pua itakwambia: harufu ya maziwa ya nazi inabadilika na kuwa ya nazi iliyokaangwa kidogo, na mlio wa kuchemka ndani unakoma, unabaki mchakacho mwembamba. Epua wakati huo. Ukoko wagawie watoto ukiwa wa moto, na mkubwa mmoja anayeujua thamani yake asisahauliwe.

Mwenye jiko la gesi asikate tamaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mimi mwenyewe siku nyingi za kazi napikia mtungi wa kilo 6. Misitu yetu inahitaji hivyo, na mapafu ya kina mama yanahitaji zaidi. Kupalia kwenye gesi kunawezekana kwa njia nyingine: tui likikauka, weka kikaango kizito cha chuma au bati nene juu ya moto mdogo kabisa, sufuria iwe juu yake, na katikati ya sufuria na mfuniko funga kitambaa safi cha pamba, ncha zake ukizikunja juu ya mfuniko zisiguse moto. Mvuke hautoki na matone hayarudi kwenye wali. Utamu unakaribia sana ule wa mkaa. Mpira wa gesi ukague kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Ukiona mapovu yanavimba, funga na usiwashe.

Msimu wa masika ndio unaotuingiza ndani wote, na hapa sitaki kuzungukazunguka. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki makaa mawili na hata kama huoni moshi. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Ndugu zetu wa Lushoto wanajua baridi ya Juni na Julai inavyomshawishi mtu kulala na jiko miguuni. Usikubali, na mgeni wako usimkubalie. Mvua ikinyesha, pikia barazani chini ya paa, upepo ukipita.

Mchuzi wa samaki una sheria moja kubwa na nyingine ndogo ndogo. Kubwa ni kununua vizuri. Nenda soko la samaki la Deep Sea mapema vyombo vinaposhusha, tazama macho yawe yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, mwili ukibonyeza urudi. Changu na tasi ni watamu kwa mchuzi, kolekole kwa familia kubwa. Vibua ni wa bei nafuu na mimi nawapenda sana, ila vibua na jodari wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Aliyekula huwashwa mdomo, uso humwiva mwekundu na kichwa kumgonga. Kwa hiyo samaki hao wawe wabichi kabisa au waliokaa kwenye barafu tangu chomboni, la sivyo geuza mguu ununue dagaa wakavu.

Samaki mpake ndimu, chumvi na kitunguu saumu, mkaange juujuu kwenye moto wa kwanza. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia ukwaju au mbirimbi wakati huohuo ili uchachu uive pamoja na nyanya. Tui jepesi lifuate, samaki aingie, na tui zito liwe la mwisho kabisa. Kuanzia tui zito linapoingia mpaka linapochemka, usiondoke hapo. Koroga taratibu kwa upawa, uinue na kumimina, upande mmoja, usimvunje samaki. Ukilipa kisogo tui, linakatika, mchuzi unakuwa maji chini na mabonge juu. Likichemka mara moja tu, epua.

Muhogo nausema kwa kifupi lakini kwa msisitizo. Nunua muhogo mtamu kwa mtu unayemwamini, menya ganda lote pamoja na lile jeupe la ndani, chemsha bila kufunika, mwaga maji ya kwanza, toa kijiti cha katikati, ndipo utie tui. Ukionja ukakuta uchungu, usile. Muhogo mchungu una sumu na unahitaji kulowekwa na kukaushwa uwe makopa, ndipo usagwe unga. Huo unga ndio unaotupa bada, yaani ugali wa muhogo, na bada na mchuzi wa papa ni chakula ambacho sijapata kukichoka. Kisamvu nacho kitwangwe kilainike na kichemke muda mrefu bila mfuniko kabla ya kukitia nazi.

Kiporo cha wali wa nazi kinaharibika haraka kwa joto letu. Usiku huo huo kitoe sufuriani, kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kisha friji. Kama huna friji, pika kidogo kinachoisha. Wali uliolala mezani huweza kuwa na sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi, hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Najua wengi tumelelewa na kiporo na chai ya rangi asubuhi, na mimi ni mmoja wao, lakini nyumba yenye mtoto mdogo au mzee isibahatishe.

Nje ya nyumba, mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyoyafanya. Siku za mapumziko tukienda ufukweni Mwambani, tunabeba sufuria moja, wavu wa kuchomea, kisu, chumvi, ndimu, pilipili mbuzi, tui limeshakamuliwa nyumbani na kuwekwa kwenye chupa yenye barafu, na maji ya kutosha. Mihogo tunanunua njiani. Mafiga ni mawe matatu yanayolingana kimo, yamewekwa kinga ya upepo; kipindi cha kusi, upepo wa kusini, geuza uwazi wa kuni usitazame kusini, la sivyo moto utakimbia upande mmoja na chakula kiive nusu. Mawe yawe makavu ya nchi kavu. Yale yaliyolowa maji ya bahari huweza kupasuka yakipata moto na kurusha vipande.

Kama huna wavu, pasua kijiti kibichi, mbane samaki katikati, funga ncha kwa ukindu, simika mchangani kwa kuinamia makaa. Hiyo ndiyo kubanika. Samaki awe na magamba yake. Yanalinda nyama na yanavuka yenyewe ukimfungua. Elekeza mgongo kwenye moto kwanza kwa kuwa ndipo nyama ilipo nene, tumbo baadaye. Akianza kudondosha mafuta na nyama kuachana na mfupa pale karibu na kichwa, ameiva. Chukua lile tui, lichemshe na pilipili, kitunguu saumu na ndimu kidogo mpaka liwe rojo, mpake pande zote, mrudishe kwenye makaa hadi lishike rangi. Huyo ndiye samaki wa kupaka, na kula kwake ni kwa mkono.

Mkimaliza, msifukie makaa kwa mchanga. Mchanga unayaficha tu, yanakaa na joto lake kwa saa nyingi chini, na mtoto wa watu atakuja kukimbia hapo jioni na miguu mitupu. Chota maji ya bahari, mwagia, koroga kwa kijiti, mwagia tena mpaka uweze kuyashika kwa mkono.