Mgeni Akikosea, Usimguse

Wadogo zangu mliotimiza mwaka kundini, Jumamosi niliwatazama mkiwafunza wageni bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya kucheza na majembe, nikanyamaza kwa shida. Mgeni akipoteza mguu tu, watatu mnamgeukia: mmoja anamvuta kiwiko, wa pili anamhesabia, wa tatu anacheka. Nawapenda, lakini hilo liishe kabla ya Bulabo, sikukuu yetu ya mashindano ya ngoma.

1. Aliyepotea asitazame miguu. Atazame bega la aliye mbele yake, asubiri ngoma kubwa irudi, aingie nayo.

2. Jembe likianguka, liacheni. Anayeinama katikati ya mstari anapeleka kichwa kwenye jembe la mwenzake. Acheze mikono mitupu, aliokote mstari ukigeuka.

3. Usimsahihishe mtu ngoma ikilia. Hapa nina deni. Tulikuwa kwenye Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, mwezi wa sita, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika huku, Bagalu kule, na mnajua jaji ni watu wenyewe: kundi likipooza, wanahama. Kando yangu alikuwepo binti mgeni, mwezi wake wa pili. Tulipogeuka kulia, yeye akageuka kushoto. Basi. Angeachwa, mgeuko uliofuata ungemrudisha. Mimi nikasimama, nikamshika bega, nikamfokea sikioni: "Kulia!" Akashtuka, jembe likamtoka mkononi, wa nyuma akaruka kulikwepa, akamgonga mwenzake, mstari ukakatika. Ngoma haikunyamaza, lakini vumbi lilipotulia niliona migongo ya watazamaji. Walishahamia ng'ambo.

Jioni nikamlaumu mbele ya wote kwamba ametupoteza. Alikuwa akifungua kitambaa kiunoni, fundo likamshinda kwa jinsi vidole vilivyotetemeka, na hakuna aliyemsaidia. Hakujibu neno. Mazoezi yaliyofuata hakuja, wala yaliyofuata hayo. Yeye alikosea hatua moja. Aliyevunja mstari ni mimi, na sijawahi kumwambia hivyo.

4. Ngoma ikipumzika, mpeni maji kwanza. Kisha mwonyesheni kwa kucheza naye bega kwa bega, polepole, bila jembe. Maneno mengi yanamchanganya, na yule mnayemcheka leo ndiye mtakayemtafuta mwakani mstari ukipungua.

Yule binti sasa ni mama. Kila Bulabo namwona kwenye umati, mtoto mgongoni, amesimama nyuma kabisa. Mguu wake wa kulia unapiga ardhi sawasawa na ngoma kubwa, haukosei hata mara moja. Mwaka huu nitamfuata pale alipo.