Wazee waliotunga sheria ya kuua watoto

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni filamu gani iliyousema vizuri ugomvi wa wazee na vijana. Naitaja Battle Royale ya Kinji Fukasaku, iliyotoka Japani mwaka 2000, na sikubaliani na wanaoiona kuwa ni ya kumwaga damu tu.

Humo uchumi umeporomoka, asilimia 15 ya watu hawana kazi, wanafunzi 800,000 wamegoma kwenda shule. Watu wazima wanawaogopa vijana, basi wanatunga sheria: darasa moja lipelekwe kisiwani, wauane kwa siku tatu hadi abaki mmoja. Tashtiti kali kuliko zote ni ile video ya maelekezo. Binti mchangamfu, sauti ya kipindi cha watoto, anawaeleza wanafunzi jinsi kola walizovishwa shingoni zinavyolipuka. Anayewasimamia ni mwalimu wao wa zamani, aliyeigizwa na Takeshi Kitano. Aliwahi kuchomwa kisu na mwanafunzi, na binti yake mwenyewe hamheshimu hata kwenye simu. Ni mtu aliyevunjiwa heshima, kisha serikali ikamkabidhi bunduki. Hapo ndipo filamu inaponiuma.

Fukasaku hakuyatoa haya hewani. Mwaka 1945, akiwa na miaka 15, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Kiliposhambuliwa kwa mizinga, yeye na wenzake walionusurika ndio waliookota miili ya vijana wenzao. Tangu hapo hakuwaamini tena watu wazima waliowahubiria vita. Aliiongoza filamu hii akikaribia miaka 70, kwa mswada ulioandikwa na mwanawe, Kenta. Kwa hiyo ni mzee anayewashtaki wazee, bega kwa bega na mwanawe, halafu wabunge wakalalamika kwamba filamu itawaharibu vijana!

Najua wengi watataja Plan 75 ya Chie Hayakawa, ya mwaka 2022, ambamo serikali inawapa waliofikisha miaka 75 nafasi ya kufa bila malipo, na yeni 100,000 za kutumia wapendavyo. Vijana wa ofisini wanawahudumia kwa adabu zote, hadi mmoja wao anamkuta baba yake mdogo kwenye foleni. Ni filamu nzuri mno, na mtu aitazame. Ila imejaa majonzi kuliko hasira, nanyi mmeuliza juu ya ugomvi.